Viatu Visivyobana

Siku daktari aliposema Bosi anaweza kuzeeka, Fundi aliacha kusikiliza. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna sababu ya kumpamba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba chenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, goti lake limegusana na la Bosi, mkewe, na akauliza swali alilokuwa amelibeba tumboni tangu matibabu yaanze: huyu mke wangu ataishi? Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Akawaambia kwamba uvimbe wa titi umeondolewa, dawa na mionzi vimefanya kazi yake, na kwa upande wa kansa mama anaweza kuzeeka kama watu wengine.

Halafu akaendelea. Aliendelea kwa muda mrefu tu, masikini, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hasikilizwi. Alisema ile dawa nyekundu waliyokuwa wakimwekea Bosi kwenye mshipa ni kali. Inaua kansa, lakini inaweza kuuchosha moyo, tena si lazima leo wala kesho, pengine miaka baadaye. Alisema siku hizi wapo wengi wanaopona kansa halafu wanakuja kuangushwa na moyo. Kwa hiyo mama apigwe picha ya moyo kila mwaka, na akianza kuhema kwa kazi ndogo, au miguu ikivimba, au akishindwa kulala bila kuinua kichwa, waje mbio, wasisubiri tarehe ya kliniki.

Fundi alikuwa akitikisa kichwa kwa adabu zote, ndiyo Daktari, sawa Daktari. Lakini ungemgeuza kichwa chini miguu juu siku ile, lingedondoka neno moja tu, kuzeeka. Bosi naye alikuwa akilia na kutafuta leso kwenye mkoba ambao leso haikuwemo. Basi maneno yote yale ya moyo yakabaki mle chumbani na daktari.

Jina la Bosi alipewa na mumewe mwenyewe. Fundi alikuwa fundi viatu, mikono ya dhahabu, lakini mbele ya mteja alikuwa bubu. Mteja akimlilia shida alikuwa tayari kumpa kiatu na soksi juu. Kwa hiyo maneno yote aliyaachia mkewe. Bosi ndiye aliyepanga bei, ndiye aliyewagombeza waliotelekeza viatu vyao mpaka vikaota ukungu, na mtu akianza kubembeleza, Fundi alisema, "Mimi nashona tu, ongea na Bosi." Karakana ilikuwa chini, chumba chao juu, katikati ngazi ya saruji yenye kona moja. Kwenye kona ile kulikuwa na mlango wa jirani yao, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole aliyeondoka asubuhi na kurudi jioni.

Ugonjwa ulikuwa umemkausha Bosi. Nywele zilikwenda, nyusi zilikwenda, na mwili nao ukaaga. Kilichomuumiza Fundi kuliko vyote kilikuwa miguu. Mguu wa mkewe aliujua kuliko sura yake mwenyewe, maana mwaka waliooana alimchongea kalibu yake, ule mguu wa mbao ambao fundi huvalisha kiatu anapokishona, na kila kiatu alichovaa Bosi tangu hapo kilitoka kwenye mbao ile. Wakati wa zile dawa viatu vilianza kumpwaya. Alikuwa akitembea kwenye korido za hospitali vikipiga kofi kisigino, pa, pa, pa, na Fundi akitembea nyuma yake alihisi kila kofi linatua shavuni kwake.

Kwa hiyo matibabu yalipokwisha, alimshonea viatu vipya vya kijani kibichi, vya kufunika, juu ya kalibu ileile. Bosi alivivaa vikamzidi. Akajaza pamba mbele, akasema vizuri sana. Fundi akamwambia asijali, mwili utavifuata.

Na mwili ukavifuata. Pamba ikatolewa. Baada ya muda viatu vikamkaa sawasawa, na siku ile Fundi alifunga karakana mchana kweupe, akamtembeza mkewe mtaani kama bwana harusi. Mwaka wa kwanza kliniki iliwatuma kupiga picha ya moyo, wakaambiwa ni sawa. Mwaka wa pili wakakuta mashine imeharibika, wakaambiwa warudi. Hawakurudi. Warudi kufanya nini? Titi lilikuwa likikaguliwa kila kliniki, na kila mara jibu lilikuwa safi, na safi ndilo neno walilolifuata. Fundi alipokumbushwa habari ya moyo alicheka, akasema moyo wa huyu mama unatosha watu wawili.

Halafu viatu vikaanza kubana.

Bosi alilisema jambo hilo kwa aibu kidogo, akivua kiatu na kusugua kidole gumba. Fundi alifurahi mpaka akasimama. Vinabana! Mtu ambaye viatu vilikuwa vikimpiga makofi leo vinambana! Akachukua kalibu, akapigilia kipande cha ngozi pale penye upana wa mguu, akakilainisha kiatu kwa maji, akakishindilia kalibu ndani na kukiacha kitanuke. Hivyo ndivyo wafanyavyo mafundi wote mguu wa mteja unapobadilika, hakuna uchawi. Kesho yake Bosi alivaa, akatembea hatua chache, akasema, "Haya, Fundi, umerudi kazini."

Dada yake Bosi alikuja mwisho wa wiki. Huyu walimwita Kipaza, na asiyejua kwa nini angesimama naye dakika chache tu angejua. Alimzunguka mdogo wake kama anayenunua kabati, akamshika mashavu, akamshika mikono, akatangaza kwa mtaa mzima kwamba mdogo wake amenawiri, kansa imetoka na aibu zake, huyu sasa atakula chumvi nyingi. Fundi alikuwa kwenye kiti chake cha kazi, misumari midomoni, akitabasamu na misumari yake.

Kiraka cha pili kilikuja bila furaha kubwa, kwa mazoea tu. Cha tatu alikiweka juu ya kalibu, pale mguu unapopandia, maana sasa kiatu kilikuwa kinabana hata juu. Na hapo, wakati anampima, ndipo lilipotokea lile jambo. Bosi alikuwa amekaa, mguu wake uko mapajani mwa mumewe kama walivyozoea tangu ujana. Fundi akabonyeza kwa dole gumba kuangalia ngozi ya kiatu iishie wapi. Alipoondoa dole, shimo likabaki.

Alilitazama. Mwili wa mtu ukiubonyeza unarudi. Ule haukurudi. Shimo lilikaa pale juu ya mguu, limeingia ndani kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa. Kwa mbali kabisa, kutoka kwenye kile chumba chenye harufu ya dawa ya sakafu, sauti ya mama mwenye miwani ilitaka kumwambia kitu.

"Kuna nini?" Bosi akauliza.

"Soksi hizi," Fundi akasema. "Zinakukaza."

Akausugua mguu taratibu kwa viganja viwili mpaka shimo likajaa. Kisha akapigilia kiraka.

Hapo ndipo mtu anapotamani kumkamata Fundi sikio na kumburuta mpaka hospitali. Lakini mwogopeni mtu aliyekwisha kuogopa sana mara moja. Alikuwa ametumia woga wake wote kwenye kansa, akabaki hana hata wa akiba. Kuvimba hakukuwa uvimbe wa titi, kwa hiyo hakukuwa kitu. Kila alichokiona kikimsumbua mkewe alikitafutia dawa kwa mikono yake, upesi na kwa upendo mkubwa, na kila alipofanikiwa, jambo lenyewe lilijificha zaidi.

Bosi alianza kukohoa akilala. Akasema ni harufu ya gundi inapanda juu. Fundi akashona pazia zito la turubai, akalitundika mlangoni kwa karakana. Bosi akaongeza mto, akaongeza mwingine, akawa analala kama aliyekaa. Fundi akamtengenezea mto mgumu wa ngozi, wenye mgongo, kazi safi ambayo ungeweza kuiuza. Mkewe akasema siku hizi ngazi imekuwa ndefu. Fundi akapiga kigoda, akakiweka kwenye kona ya ngazi, Bosi awe anapumzika.

Fundi alikuwa na sikio la viatu. Akiwa kazini ameinama, alijua nani anashuka kwa mlio wa soli tu. Zamani Bosi alishuka na chai ya saa nne bila kusimama popote. Sasa viatu vya kijani vilishuka, vikafika kona, vikanyamaza. Kisha sauti yake ikasikika, "Mwalimu, habari za leo?" Kimya. Baada ya kitambo viatu vikaendelea. Jioni, wakati wa kupanda, ilikuwa hivyo hivyo, habari Mwalimu, kisha kimya, tena kirefu zaidi. Fundi alifurahi kwamba mkewe na jirani wanaelewana. Mpaka siku moja, shazia, ile sindano yake kubwa, iko katikati ya ngozi, ikamjia kwamba saa nne Mwalimu yuko darasani.

Aliivuta shazia ikatoka upande wa pili. Akaendelea kushona. Bosi alipofika na chai, jasho dogo lilikuwa limemkaa juu ya mdomo, na midomo yenyewe ilikuwa na rangi asiyoipenda. Fundi akamuuliza kama anajisikia vizuri. Akajibiwa kwamba anajisikia kama bosi. Wakacheka wote wawili, na kile kicheko kilimfanya Bosi akohoe kwa muda mrefu.

Siku ya kliniki ilipofika walikwenda kama walivyozoea, Bosi amejipamba, viatu vya kijani miguuni vimetanuliwa upya wiki hiyohiyo. Yule mama mwenye miwani alikuwa amestaafu. Walimkuta daktari mpya, mwanamke mwembamba asiyetabasamu ovyo. Alimwomba Bosi apande kitandani amkague titi. Kitanda kilikuwa na kijingazi. Bosi alipanda kidato kimoja, akasimama, akashika ukuta, akaanza kusifia rangi ya mapazia. Daktari akayatazama mapazia. Kisha akamtazama Bosi shingoni, ambako mshipa ulikuwa umetutumka, akaacha habari ya titi kabisa na kumwomba avue viatu.

Fundi akainama haraka kumsaidia. Ilikuwa kazi yake hiyo.

Daktari akabonyeza mguu kwa dole gumba, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa. Shimo likabaki. Akapanda juu zaidi, karibu na goti, akabonyeza. Likabaki lingine.

"Mama, viatu vilianza kukubana lini?"

Bosi akacheka, akamtazama mumewe kwa jicho lile la kumtambulisha mtu kwa wageni.

"Vinibane? Viatu havijawahi kunibana mimi, Daktari. Mume wangu ni fundi viatu."

Daktari aligeuka kumwangalia Fundi. Hakumtazama kwa ubaya. Fundi alikuwa bado amechuchumaa, kiatu cha kijani mkononi, na pale chini alisikia yale maneno yote aliyoyaacha siku ile yakirudi kwa foleni, kuhema kwa kazi ndogo, miguu kuvimba, kulala umeinua kichwa. Alitamani sakafu ipasuke.

Walimpiga picha ya moyo siku hiyohiyo, na hawakumruhusu kurudi nyumbani. Daktari aliwaeleza wote wawili kando ya kitanda cha wodini. Moyo umechoka, umetanuka, hausukumi damu inavyotakiwa, na maji yanatuama mapafuni na miguuni. Ni ile dawa ya zamani. Zipo dawa za kuusaidia, na chumvi sasa basi. Ila dawa hizo hufanya vizuri zaidi zikiwahi, zikianza pale miguu inapoanza kujaa, kabla moyo haujatanuka hivi. Sasa watajaribu, na yeye hawezi kuahidi miaka.

"Na kansa?" Fundi akauliza.

"Kansa haipo, baba. Mama amepona kansa."

Neno lililomfanya afunge karakana na kutembea mtaani leo lilipita bila kumgusa popote. Kipaza, ambaye alikuwa amefika na chupa ya chai, aliketi ukingoni mwa kitanda cha pembeni na hakusema kitu. Bosi na Fundi hawakuwahi kumwona hivyo.

Bosi alikuwa bado bosi. Alisema hakai mle muda mrefu, ana wateja. Akamwagiza Fundi aende nyumbani na viatu vyake vya kijani, avitanue kidogo tena maana miguu leo imezidi, avilete atoke navyo.

Fundi akaenda. Akaingia karakana, akavuta lile pazia la turubai alilolishona mwenyewe, akawasha taa, akaitoa kalibu ya mkewe. Akakata kipande cha ngozi. Akashika nyundo. Akaweka kipande juu ya mbao, akatafuta mahali pa kukipigilia, na hapakuwa na mahali. Viraka vilikuwa vimepandana. Kitu kile alichoshika hakikuwa tena mguu wa mkewe. Kilikuwa kinene na kisicho na shingo, na alikuwa amekijenga yeye, kiraka kwa kiraka, akipiga mluzi.

Akachukua koleo, akaanza kung'oa. Kiraka cha juu kilikuwa cha wiki hii. Chini yake kile cha siku za kigoda, chini yake cha siku za mito. Alipofika kwenye kile cha shimo, alikishika mkononi, akalia kwa sauti kama mtoto, na mteja aliyekuwa amesimama mlangoni na kiatu chake akarudi zake taratibu. Cha mwisho kilikuwa kile cha furaha. Nacho akaking'oa. Ikabaki mbao ya mwaka waliooana, nyembamba, imejaa matundu ya misumari.

Kisha akavifumua viatu vya kijani, akavibana upya juu ya mbao tupu, akakata ngozi iliyozidi, akashona. Hakupiga mluzi.

Bosi alivipokea akiwa amekaa, mito mgongoni, mpira wa hewa puani. Akateremsha mguu, akaingiza vidole. Kiatu kikaishia hapo. Akasukuma. Fundi hakuinama kumsaidia.

"Fundi, leo umekosea kipimo."

"Sijakosea. Hicho ndicho kipimo chako. Nilikuwa nakosea siku zote hizi nyingine."

Bosi aliutazama ule mguu wake, halafu kiatu, halafu mguu tena. Alikuwa mwepesi wa hesabu, ndiyo maana aliitwa Bosi. Fundi aliona hofu ikimpanda usoni, ileile ya miaka ya dawa nyekundu, na safari hii hakuwa na kitu cha kumshonea.

"Uliona?" Bosi akauliza.

"Niliona. Nilibonyeza nikaona. Nikasema soksi."

Fundi alisubiri agombezwe. Angeshukuru kugombezwa. Bosi akavuta pumzi, akapumzika katikati, akavuta nyingine.

"Na mimi nilikuwa nasalimia mlango wa Mwalimu," akasema, "najua hayupo, nipate tu kuhema. Nilijua uko chini unasikiliza."

Walikaa hivyo, mkono wa huyu umeshika wa yule. Nesi alikuja na vidonge, akaviona viatu, akasema ni vizuri, akauliza kama avitie kabatini. Bosi akakataa. Akataka viwekwe sakafuni, pale anapovifikia. Alisema ataingiza mguu kila asubuhi aone kama maji yanapungua, na asithubutu mtu kuvitanua.

Asubuhi iliyofuata Fundi alifika mapema. Bosi aliteremsha mguu, akaingiza vidole, na wote wawili wakainama kutazama. Kiatu kiliishia palepale. Na asubuhi iliyofuata, pia.